Kabla hujamjibu anayekutukana kwenye gemu, mzime sauti

Ukianza kucheza gemu za ushindani mtandaoni, utatukanwa. Sikutishi, nakuambia mapema tu. Na matusi mengi hayatatoka kwa wapinzani, maana mpinzani anayekuua kila raundi ana raha zake na hana ugomvi na wewe. Atakayekufokea ni wa timu yako, yule ambaye ushindi wake umeangukia mikononi mwa mtu asiyejua hata kitufe cha duka kiko wapi.

Nimecheza miaka kadhaa sasa. Nimeitwa garasa, kibonde, boti (yaani mchezaji bandia anayeendeshwa na kompyuta), na nimeambiwa nauza mechi siku ambazo nilikuwa najitahidi kuliko siku zote. Ushauri wangu mkubwa ni kwamba usihangaike kutafuta jibu la kumkata maini mtu wa namna hiyo, wala usijaribu kumfundisha adabu. Linda akili yako ibaki mechini.

Ukiwa mgeni kichwa kimeshajaa tayari. Dota 2 ina mashujaa, yaani wahusika wa kuchagua, zaidi ya 120, League of Legends wamepita 160, na kila mmoja ana uwezo wake. Mkongwe akimwona adui anajua cha kufanya bila kufikiri. Wewe unafikiria kila kitu: vitufe, ramani, pesa, wenzako wako wapi. Ukianza na kutunga jibu la tusi juu ya hayo, umekwisha. Angalia mechi yoyote yenye ugomvi: anayeandika jibu ndiye anayekufa, kwa sababu vidole viko kwenye herufi na mhusika wake amesimama tu katikati ya njia. Kifo hicho kinampa mwenzake ushahidi mpya, na tusi linalofuata linakuwa refu zaidi.

Tunaambiwa kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Sawa, lakini ng'ombe hahitaji masikio ili anywe. Kwenye Counter-Strike, gemu ya timu mbili kupigana risasi, unayahitaji. Chukua hali inayowatesa wageni kuliko zote: wanne wa timu yako wamekufa, umebaki peke yako, bomu limetegwa na litalipuka ndani ya sekunde 40. Kulitegua kunachukua sekunde 10, au 5 kama una kifaa chake. Wanne hao wanaangalia skrini yako na wote wanapiga kelele kwa pamoja, mmoja anasema nenda kushoto, mwingine anasema rudi, wa tatu anacheka. Katikati ya zogo hilo kuna vishindo vya miguu vya adui, na hivyo ndivyo vingekuambia yuko upande gani. Sema neno moja tu kwenye maikrofoni: "Kimya, nasikiliza." Hata wakorofi wengi hunyamaza, kwa sababu wanajua thamani ya vishindo. Asiyenyamaza, mzime.

Ndiyo, mzime mapema. Wengi husubiri watukanwe mpaka damu ichemke ndipo wafungue orodha ya wachezaji kutafuta alama ya spika. Wakati huo umeshachelewa, maneno yameshaingia. Mimi nampa mtu nafasi ya kukosoa, hata kwa ukali, lakini akianza kumtaja mama yangu au kurudia tusi lile lile, nafunga. Simtangazii kwamba namfunga. Kumtangazia ni kumjibu.

Sasa, kuna jambo ambalo washauri wengi hulipita haraka. Baadhi ya hasira hizo zina sababu, na sababu hiyo inafundishika. Mtu akikufokea "acha kukimbia wewe garasa, wanakusikia!", ondoa garasa, kinachobaki ni somo zuri: kwenye Counter-Strike ukikimbia unasikika, ukitembea polepole husikiki. Au chukua suala la pesa. Kwenye gemu hiyo pesa zako zinahama nawe raundi hadi raundi, kwa hiyo timu iliyofilisika mara nyingi hukubaliana raundi moja isinunue kitu, ili inayofuata wote wawe na silaha kamili. Mgeni hajui. Anaona ana pesa kidogo, ananunua bunduki ya bei nafuu peke yake, anauawa nayo, na raundi inayofuata wenzake wamejipanga yeye hana kitu. Hapo atafokewa, na kusema kweli wana haki ya kukasirika, ingawa hawana haki ya kutukana. Kwenye Dota 2 na League kosa la aina hiyo ni kuwamalizia askari wa njiani, wale wanaoendeshwa na kompyuta na wanaompa dhahabu anayewaua, wakati wewe kazi yako ni kumsaidia mwenzako azoe dhahabu hiyo. Sheria hizi hakuna anayekufundisha kwenye mazoezi ya mwanzo. Unazijulia kwenye makelele. Ukisikia jambo lile lile kwa watu wawili tofauti katika mechi mbili tofauti, lichukulie kwamba ni kweli, kalitafute na ulifanyie mazoezi na maboti.

Jambo jingine lililonitoa hofu ni hesabu ya madaraja, yaani namba inayoonyesha kiwango cha mchezaji. Arpad Elo, mwanafizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungaria, alibuni njia ya kupima uwezo wa wachezaji wa chesi, na FIDE, shirikisho la chesi la dunia, likaanza kuitumia mwaka 1970. Ukimshinda uliyetarajiwa kushindwa naye unapanda sana, ukimshinda mnyonge unapanda kidogo. Gemu nyingi za ushindani hupanga watu kwa hesabu za ukoo huo. Maana yake, mfumo ukishakujua, anayekuita kibonde amewekwa mechi moja na wewe kwa sababu naye ni wa hapo hapo. Angekuwa bingwa kama anavyojisikia, msingekutana. Mechi zako za mwanzo kabisa ndizo zenye mchanganyiko, kwa kuwa mfumo bado unakupima na wapo wakongwe wanaofungua akaunti mpya kuja kuonea wageni. Kipindi hicho vumilia, kitapita.

Je, ujitambulishe kwamba wewe ni mgeni? Inategemea unavyosema. "Samahani jamani, mimi sijui, msinikasirikie" ni kuwapa fimbo. "Bado mgeni, nikae upande gani?" ni swali, na mtu akishakujibu swali anaanza kujiona mwalimu wako, mwalimu hatukani haraka. Uliza mara moja, mwanzoni, kisha cheza. Kuomba radhi kila ukifa hakusaidii.

Ukimzima mtu bado unaweza kucheza naye. Apex Legends ilipotoka mwaka 2019 ilisifiwa sana kwa alama zake za kuonyesha: unabonyeza, mwenzako anaona adui, silaha au njia bila neno kusemwa. Gemu nyingi zina kitu cha namna hiyo, na mimi naona mgeni ajifunze alama kabla ya maikrofoni. Wakorofi nao wameziona, bila shaka. Kwenye Rocket League, gemu ya mpira unaochezwa kwa magari, kuna ujumbe wa tayari wa kumsifu kipa aliyeokoa, na utaletewa mfululizo pale pale mpira unapokupita ukaingia. Unakera kuliko tusi, nakiri. Unaweza kuuzima nao kwenye mipangilio.

Mechi za daraja, zile zinazopandisha au kushusha kiwango chako, ziache kwanza. Na usisuse katikati ya mechi hata ukichafuliwa vipi. Dota 2, kwa mfano, ukitoroka mechi inakupeleka foleni ya adhabu, ambako utawakuta watukanaji wenyewe wamekusanyika.

Waliokuwa wastaarabu usiwapite hivi hivi. League of Legends ina mfumo wa kuwapa heshima tangu 2012 na Overwatch tangu 2018, lakini bora zaidi ni kuwaomba mcheze tena. Ukipata wawili wa namna hiyo, mkorofi akija atakuwa mmoja kati ya wengi.

Vitisho ni habari nyingine. Mtu akisema atakutafuta, au akiandika jina lako halisi au mahali unapoishi, piga picha ya skrini kwanza, ripoti, kisha mzuie kabisa. Na lile ombi la urafiki linaloingia dakika moja baada ya mechi mliyopoteza, kutoka kwa yule yule aliyekuwa anafoka, si la urafiki, anataka aendelee faraghani. Likatae.