Wasomaji Wanauliza: Siku Moja Roma

SWALI: Nitapita Roma na nina Jumatatu moja tu ya kutembea. Natamani kuona uwanja wa kale wa Colosseum, hekalu la kale la Pantheon, chemchemi ya Trevi na Makumbusho ya Vatikani. Nianzie wapi?

JIBU: Anza kwa kuyaondoa makumbusho kwenye orodha. Peke yake yanameza nusu siku, tena yako ng'ambo ya mto Tiber. Hayo mengine matatu unayafikia kwa miguu; kinachoharibu siku Roma ni foleni, wala si umbali.

Tiketi ya Colosseum inunue mapema kwenye tovuti rasmi. Huanza kuuzwa siku 30 kabla, na nafasi za asubuhi huisha upesi. Inaandikwa jina lako na saa ya kuingia, kwa hiyo jaza jina kama lilivyo kwenye pasipoti na uibebe pasipoti yenyewe. Mabegi makubwa na chupa za glasi hukataliwa mlangoni, na hakuna mahali pa kuyaweka; mizigo iache stesheni ya Termini, kisha upande metro mstari B, vituo viwili hadi Colosseo.

Tiketi hiyohiyo inakuingiza Palatino na Foro, magofu ya kitovu cha mji wa kale, ila mara moja tu: ukitoka, hurudi. Panda kwanza kilima cha Palatino kabla jua halijawa kali, ndipo uteremkie Foro. Usilipite mbiombio Tao la Tito, lango la ukumbusho wa kaizari huyo. Simama chini yake utazame ukuta wa ndani: askari wamechongwa wakibeba kinara cha matawi saba walichokiteka kwenye hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Wengi hupita hapo macho yakiwa kwenye simu, na ni hasara kubwa.

Tokea Via dei Fori Imperiali, fuata Piazza Venezia hadi Pantheon. Kiingilio ni euro 5 tangu Julai 2023. Trevi iko mwendo wa dakika kumi hivi kutoka hapo. Kwa kuwa iko nje uwanjani, iache iwe ya mwisho, hata usiku.

Vaa viatu vyenye soli nene. Mawe meusi ya barabarani huteleza yakilowa, na mianya yake hunasa visigino. Maji usinunue: bomba za chuma za mitaani zinatoa maji safi bure. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yataruka juu kupitia tundu dogo, unywe bila kuinama.

SWALI: Je, ni kweli paa la Pantheon lina tundu? Mvua ikinyesha inakuwaje?

JIBU: Ni kweli, na mvua huingia. Tundu lina upana wa karibu mita 9, katikati ya kuba la zege lenye kipenyo cha mita 43 na ushei. Sakafu imeinuliwa kidogo katikati na ina vitundu vya kupitishia maji. Angalia chini, utaviona.