Jina lililo kwenye kitambulisho chako

Mwanangu mpenzi,

Barua yako tumeipata, na sisi hatujambo. Umeuliza huyo Mellon, ambaye jina lake limo kwenye kitambulisho chako cha chuo hapo Kigali, alikuwa nani, na kama chuo alikijenga kwa ukarimu au kwa kutaka kujisafisha.

Chuo hakukijenga. Andrew Mellon alifariki mwaka 1937, na jina la Carnegie Mellon lilizaliwa mwaka 1967, chuo cha Carnegie kilipoungana na taasisi ya utafiti ambayo yeye na mdogo wake Richard waliianzisha Pittsburgh mwaka 1913. Baba yao, Thomas, aliyeletwa Marekani kutoka Ireland akiwa mtoto mdogo, alikuwa hakimu kabla ya kufungua benki ya familia mwaka 1870.

Utajiri mkubwa, hata hivyo, haukutokana na riba. Mwaka 1889 wenye kiwanda kidogo cha alumini (ndiyo hiyo ya sufuria za mama yako) walimwendea Andrew kuomba mkopo wa dola 4,000. Alipoichunguza shughuli yao akaona fedha hizo hazitoshi, akawakopesha 25,000, kisha familia ikanunua hisa. Ufundi wake ulikuwa hapo, kwamba kiwanda kilipostawi, akina Mellon hawakuishia kurudishiwa deni, bali walikuwa miongoni mwa wenye mali. Kampuni ya mafuta ya Gulf nayo waliikuza kwa njia hiyohiyo.

Swali lako la kujisafisha ni gumu zaidi. Alipokuwa Waziri wa Fedha, kuanzia 1921 hadi 1932, kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilishushwa kutoka asilimia 73 hadi 25, naye akiwa mmoja wa walionufaika. Mwaka 1930 na 1931, wakati Wamarekani wasio na kazi wakipanga foleni za mkate, alinunua kimyakimya picha 21 za wachoraji mashuhuri kutoka makumbusho ya Hermitage, huko Urusi, kwa kuwa Wasovieti walihitaji fedha za kigeni. Moja tu, ya mchoraji Mwitaliano Raphael, ilizidi dola milioni moja. Serikali ya Rais Roosevelt ikamshtaki kwa kukwepa kodi, na kesi ikiwa bado haijaamuliwa, Desemba 1936, akajitolea kuipa nchi picha hizo pamoja na jumba la kuziweka Washington, ambalo ndilo National Gallery of Art. Wapo walioita hiyo rushwa. Mimi siamini, kwa sababu mfuko wa kuzishika picha aliuunda mwaka 1930, kabla ya kesi, na bodi ya rufaa za kodi ilimwondolea tuhuma ya udanganyifu miezi michache baada ya kifo chake. Lakini ukarimu huo siwezi kuutenganisha na kodi ambazo yeye na wenzake hawakuzilipa tena.

Jumba lilifunguliwa na Roosevelt mwenyewe Machi 1941, na hadi leo kiingilio ni bure. Mellon alikataa lisiitwe kwa jina lake, akijua kwamba matajiri wengine wasingependa kupeleka hazina zao kwenye nyumba ya mwenzao. Na kweli matajiri Kress na Widener wakazipeleka zao.

Baba yako