Wale wa Kahawia Si Majike

Juzi kijana mmoja wa Magu kanitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Wale bata mwitu wa majarubani, wenye uso mweupe ni madume na wa kahawia ni majike, si ndiyo?"

Marahaba, mdogo wangu. Si ndiyo. Na maneno hayohayo ndiyo yaliyoninyima mkate.

Kuna kampuni ya utalii hapa Mwanza, jina nalihifadhi. Kiongozi wetu mkuu alikuwa akiwaambia wageni hivyo kila tukifika kwenye majaruba ya mpunga kando ya Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria. Siku moja mgeni akanigeukia mimi, nikamjibu kwa adabu kabisa: hao ni jamii mbili, na katika kila jamii dume na jike wanafanana. Basi. Sikuitwa tena kazini. Eti kijana ana mdomo.

Hoja yangu ilikuwa nyepesi. Bata wa kahawia yupo hadi India, na huko huyu wa uso mweupe hayupo. Sasa hayo "majike" ya India yanazaa na nani? Hakuna aliyenijibu mpaka leo.

Ni kweli wanachanganya. Wote wana shingo ndefu na miguu mirefu, wote hupiga mluzi badala ya kulia kwa sauti nzito kama bata wa nyumbani, na wote hupenda kula usiku. Usoni usitegemee sana: kinda la uso mweupe bado halijawa na weupe huo, na mkubwa akizamisha kichwa topeni hutoka na uso wa matope. Angalia mkia. Kundi likiruka, wa kahawia ana mkanda mweupe juu ya mkia. Mwenzake hapo ni mweusi tii. Wakiwa wametulia, wa kahawia ana michirizi ya rangi ya maziwa ubavuni, na uso mweupe ana vistari vyembamba vyeusi na vyeupe. Masikio nayo yasaidie: uso mweupe hupiga mluzi wa sauti tatu, wa kahawia mbili.

Siku hizi nina wageni wangu mwenyewe. Nasikia na yule mkubwa sasa anasema "jamii mbili." Jina langu hakulitaja, lakini wenye masikio wanajua alilisikia wapi.

Nanyi mnaoitaka kazi hii ya kuongoza wageni, na najua wengi mnaosoma hapa mnaitaka: acheni kumeza kila neno la mkubwa. Darubini kwanza, simu mpya baadaye. Bahashishi ya mgeni mnaiwazia kabla hamjamjua hata ndege mmoja! Angalieni mkia, nimesema.

Wewe wa Magu, nenda alfajiri, majaruba yakiwa na maji. Ila mwombe ruhusa mwenye shamba kabla hujakanyaga tuta lake. Ukilibomoa maji yakatoka, hatakuuliza habari za bata.