Waridi lenye majani mengi bila maua

Dada, kama waridi lako limejaa majani lakini halitoi hata tumba moja, anza na jua. Hapo karibu na ukuta ulipolipanda linapata kweli saa 6 za jua kwa siku? Kama halipati, mbolea haitasaidia kitu, lihamishe tu. Na hiyo samadi ya kuku unayotia kila mara, ipumzishe kidogo. Ina naitrojeni nyingi, kirutubisho cha kukuza majani, na ikizidi mmea hukazana na majani.

Kisha inama uangalie shina karibu na udongo, hapa wengi hawaangalii. Mawaridi mengi ya kununua huwa yamebebeshwa kwenye shina la waridi jingine lenye mizizi imara. Chipukizi likitokea chini ya kile kifundo cha kiungio, hilo si waridi ulilonunua, ni la yule mbebaji, na ukiliacha litanyonya chakula hadi la juu lidhoofike. Fukua kidogo ulinyofoe pale linapoanzia. Ukilikata usawa wa udongo litarudi, tena na wenzake.

Likianza kuchanua, kata maua yaliyonyauka, la sivyo nguvu inakwenda kwenye mbegu. Kata juu kidogo ya jicho (kile kinundu kwenye tawi kinachotoa chipukizi) linalotazama nje, kwa mkasi mkali (ule wa jikoni uache jikoni). Maji mwaga shinani asubuhi, mengi kwa mara moja. Majani yakilala na unyevu, madoa meusi hayachelewi.