Maswali ya Wasomaji: Klachi ya Trekta la Zamani Inapoteleza na Inapokataa Kukata

SWALI: Fundi wetu, pokea salamu kutoka Mwakirunge. Nina trekta aina ya Massey Ferguson 135 ambalo marehemu baba alilinunua likiwa limekwisha kutumika, na ndilo linalolima shamba letu pamoja na mashamba ya majirani kila masika inapokaribia. Tangu mvua za vuli, kila ninapozamisha jembe la diski ardhini, injini hupandisha sauti lakini magurudumu hupunguza mwendo, na baada ya muda husikika harufu ya kitu kinachoungua. Nikivuta trela tupu barabarani halina shida yoyote. Fundi mmoja ameniambia kuwa ni lazima trekta likatwe, yaani litenganishwe katikati kuwa nusu mbili, na klachi yote ibadilishwe. Mwingine amenishauri nimimine petroli kwenye tundu la nyumba ya klachi ili ioshe mafuta yaliyoingia. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu yangu wa Mwakirunge, huyo wa pili usimsikilize hata kidogo, na wa kwanza msikilize baada ya kufanya ukaguzi nitakaoueleza. Stata ya trekta lako imefungwa ubavuni mwa nyumba hiyo hiyo ya klachi, na mvuke wa petroli ukijaa humo, cheche moja tu inatosha kuliwasha trekta moto wewe ukiwa umelikalia. Isitoshe, pleti, yaani sahani ya klachi, iliyokwisha kunywa mafuta haioshiki. Utaisafisha juu, itashika siku mbili tatu, kisha ikipata moto itayatoa mafuta yaliyojificha ndani ya lainingi, yaani ule utando wake wa msuguano, na kuteleza upya.

Dalili ulizozitaja ni za klachi inayoteleza. Springi za presha pleti hukandamiza klachi pleti dhidi ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na injini, na mkandamizo huo ndio unaopeleka nguvu ya injini kwenye gia. Mkandamizo ukipungua, au uso wa pleti ukiwa umelainika, klachi huweza bado kuvuta trela tupu, lakini jembe likizama ardhini nguvu inayohitajika huuzidi uwezo wa msuguano, flaiwili ikawa inazunguka na pleti inabaki nyuma. Harufu unayoisikia ni ya lainingi inayoungua kwa joto la kuteleza huko, na kila dakika unayoendelea kulima katika hali hiyo unauharibu uso wa flaiwili pia, kwa hiyo nakuomba ulisimamishe trekta hadi ukaguzi uishe.

Anza na jambo lisilogharimu hata shilingi, nalo ni pleyi ya kanyagio, yaani ule mwendo mfupi ambao kanyagio husafiri bila uzito kabla ya kuanza kusukuma springi. Likandamize kwa mkono badala ya mguu, kwa sababu mkono huhisi vizuri zaidi pale uzito unapoanza. Wakulima wengi hudhani kwamba klachi inavyoisha ndivyo pleyi inavyoongezeka, kumbe katika klachi za aina hii mambo ni kinyume: pleti inapopungua unene, presha pleti husogea karibu na flaiwili, vidole vyake hurudi nyuma kuielekea beringi ya klachi, ile inayovisukuma unapokanyaga ili klachi iachie, na pleyi huzidi kupungua hadi ikaisha kabisa. Ikishaisha, beringi huwa inavisukuma vidole wakati wote, na klachi inakuwa kana kwamba imekanyagwa kidogo hata kama hakuna mguu juu yake. Ukikuta hali hiyo, rekebisho hufanywa nje, pale kanyagio linapoungana na shafti yake, kwa kufuata kipimo kilichomo katika kitabu cha trekta lako. Usifuate kipimo cha trekta la jirani. Nimeona matrekta yaliyokatwa katikati kwa gharama kubwa ilhali dawa yake ilikuwa spana moja na subira kidogo, na jambo hilo hunisikitisha kwa sababu mkulima ndiye anayelipa.

Hapo hapo, angalia kama kanyagio linarudi juu lenyewe hadi mwisho. Huku kwetu Pwani hewa ya chumvi hula chuma upesi, na shafti ya kanyagio isiyotiwa grisi hushika kutu hadi springi ya kurudishia ikashindwa kuivuta. Tope lililokauka chini ya kanyagio nalo huleta tatizo lile lile. Muulize pia dereva, kwa upole, kama ana tabia ya kupumzisha mguu juu ya klachi anapolima. Uzito wa kiatu peke yake unaweza kutosha kuigusisha beringi na vidole mchana kutwa.

Ikiwa pleyi iko sawa, jaribu nguvu ya klachi. Liweke trekta mahali tambarare, pasiwe na mtu mbele wala nyuma, injini ikiwa imekwisha kupata moto. Funga breki ya mkono, kanyaga breki zote mbili kwa pamoja, ingiza gia ya juu, ongeza mafuta kidogo, kisha achia klachi polepole. Klachi nzima huizima injini papo hapo. Injini ikiendelea kuunguruma huku trekta limesimama, klachi inateleza, na jaribio hilo usilirudie mara nyingi kwa sababu lenyewe huongeza joto.

Kisha lala chini ya trekta, injini ikiwa imezimwa, utazame sehemu ya chini kabisa ya nyumba ya klachi. Katika matrekta mengi ya kale kuna tundu dogo lenye pini iliyopinda ambayo hutikisika na kuzuia tundu lisizibe. Toa pini hiyo, ingiza waya mwembamba, uone kinachotoka. Vumbi kavu jeusi ni la kawaida. Mafuta meusi mepesi yenye harufu ya injini yanatokana na sili (kizuizi cha mafuta) ya nyuma ya krankishafti, na mafuta mazito yanayong’aa, ambayo hayajawa meusi kama ya injini, yanatokana na sili ya shafti inayoingia kwenye gia. Usiridhike na kujua tu kwamba kuna mafuta, kwa kuwa ukibadilisha pleti bila kuiziba njia yaliyopitia, pleti mpya italowa kama ile ya kwanza.

Massey Ferguson 135, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, ilitoka kiwandani ikiwa na klachi moja au klachi mbili, na ni vyema ujue yako ni ipi kabla hujaingia dukani. Kwenye klachi mbili, ukikanyaga nusu, magurudumu husimama lakini shafti ya PTO, ile inayoendesha mashine zilizofungwa kwenye trekta, na pampu ya haidroliki huendelea kuzunguka. Ukikanyaga hadi chini, vyote husimama. Tofauti hiyo inakusaidia kujua palipo na ugonjwa. Ikiwa mashine ya kukatia majani inayoendeshwa na PTO inafanya kazi kwa nguvu zake zote ilhali magurudumu yanateleza shambani, basi pleti ya mwendo ndiyo iliyochoka na ya PTO bado ina uhai.

Ukaguzi wote huo ukithibitisha kwamba pleti imekwisha au imelowa, fundi wako wa kwanza atakuwa amesema kweli, na trekta litakatwa. Kazi hiyo naiogopa kuliko zote katika karakana ndogo, kwa kuwa unalitenganisha katikati trekta lenye uzito wa takriban tani 1.5, na kila nusu inabaki haina wa kuishikilia. Ekseli ya mbele ya trekta hucheza kwenye pini yake ya katikati, kwa hiyo nusu ya injini ikiachwa peke yake inaweza kulala ubavu ghafla. Kabla ya kulegeza bolti hata moja, gongomea kabari za mbao ngumu kati ya ekseli na sehemu inayoishikilia, pande zote mbili. Magurudumu ya nyuma yazuiwe, nusu zote mbili ziwekwe juu ya stendi imara za chuma, na sakafu iwe ya saruji. Jeki peke yake haitoshi, na matofali yaliyopangwa hayafai kabisa kwa sababu hupasuka bila kutoa ishara.

Vumbi utakalolikuta ndani usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo, kwani lainingi za miaka hiyo mara nyingi zilikuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa maji. Maadamu trekta liko wazi, badilisha pleti, beringi ya klachi na ile beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, pamoja na sili iliyovuja, hata kama beringi za zamani bado zinazunguka, kwa sababu bei yao ni ndogo ukilinganisha na ujira wa kulikata trekta mara ya pili. Flaiwili yenye mabaka ya buluu au mistari ya kukwaruzika ipeleke kwa fundi wa leithi. Yenye ufa itupwe. Na unapokwenda kununua spea mjini, beba pleti ya zamani mkononi, pima upana wake na uhesabu meno ya katikati mbele ya muuzaji, maana kwa modeli hii hii vipimo hutofautiana.

SWALI: Fundi, mimi ni mama mkulima wa Mtongwe. Trekta letu la Ford 5000 lilikaa chini ya mwembe tangu mvua za masika bila kuwashwa. Sasa injini inawaka vizuri, lakini hata nikikanyaga klachi hadi chini, gia zinakwaruza na kukataa kuingia. Je, gia zimeharibika?

JIBU: Mama, kwa maelezo yako, gia hazina hatia. Klachi yako haikati, yaani haitenganishi injini na gia unapoikanyaga, na kwa trekta lililokaa miezi kadhaa katika unyevu wa Pwani, sababu inayotangulia akilini ni kwamba pleti imeganda kwa kutu kwenye flaiwili. Hakikisha kwanza kwamba kanyagio halina pleyi nyingi kupita kiasi, kwa kuwa hilo nalo huizuia klachi isikate hadi mwisho. Likiwa sawa, omba trekta jingine likuvute kwa mnyororo imara katika uwanja wazi. Injini iwe imezimwa na kizimio chake kimevutwa ili isiwake, gia ya juu iwe imeingizwa, na dereva alikandamize kanyagio la klachi hadi chini muda wote huku trekta la mbele likivuta polepole. Magurudumu yatalazimisha pleti kuzunguka, mgandamizo wa injini utaizuia flaiwili, na kutu itaachia. Mara nyingi utalihisi trekta likiwa jepesi ghafla.

Wako watakaokushauri uunganishe waya kuipita swichi ya usalama ili uwashe injini ikiwa ndani ya gia. Usikubali, kwani trekta litaondoka papo hapo na hutakuwa na klachi ya kulisimamisha. Ikiwa kuvutwa hakukusaidia baada ya majaribio machache, pleti imeshika sana au imevunjika, na itabidi trekta likatwe. Likiachia, lifanyishe kazi nyepesi kwanza ili kutu iliyobaki isuguliwe, na siku litakapolazwa tena kwa muda mrefu, kanyagio likandamizwe hadi chini na kuzuiwa kwa kipande cha mbao ili pleti isigusane na flaiwili.