Re: Mgeni Dodoma, nikae wapi jioni na nile nini?

Karibu sana ndugu. Umeuliza pa kupumzika bila kulazimika kununua kitu, na chakula cha wenyeji chenyewe.

Nenda Nyerere Square, pale katikati ya mji penye sanamu ya Mwalimu. Usiende saa saba mchana, jua la Dodoma halina huruma. Subiri saa kumi na moja, utakuta wanafunzi, wazee na wapiga picha wakigawana vivuli vichache vilivyopo. Mimi napapenda kwa sababu hapo mtumishi wa wizara na mkulima aliyetoka kijijini wanakaa benchi moja. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ni wa 1973, na kadiri mji unavyojaa ndivyo tunavyohitaji miti zaidi na maeneo kama haya.

Chakula: ugali wa uwele au mtama kwa mlenda, mboga ya majani ya porini. Tafadhali usiudharau mlenda kwa kuwa unavutika! Wagogo, wenyeji wa hapa, huuchuma porini wakati wa mvua, huuanika na kuutwanga uwe unga, kisha huula kiangazi kizima. Ukiungwa kwa karanga, harufu yake inakuita toka mlangoni. Mlenda huo mkavu utaupata sokoni Majengo. Waulize akina mama wanaouuza, watakuelekeza hata kiasi cha magadi. Ukimkuta mama lishe anayeupika, nawa mikono ule kwa vidole, kijiko kitakusumbua.

Na zabibu nunua asubuhi, zikiwa bado hazijapigwa na jua.