Safu 31 za daftari, zipi ziingie?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi hapa Igombe, Ilemela. Nalinganisha wavuvi waliomeza dawa ya kichocho na wasiomeza, nione nani alikutwa na mayai ya kichocho mwaka mmoja baadaye. Nina safu 31 kutoka MTUHA (mfumo wa taarifa za vituo vya afya) na dodoso. Mwenzangu anasema nizijaribu zote kwenye alama ya mwelekeo (propensity score), zibaki zenye p, kile kipimo cha kama uhusiano ni wa bahati tu, chini ya 0.05. Nafsi yangu inakataa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Isikilize nafsi yako. Alama hiyo, waliyoieleza Rosenbaum na Rubin mwaka 1983, ni uwezekano wa mvuvi kupata dawa kulingana na hali yake kabla ya kumeza. Kazi yake ni kuyafananisha makundi, si kubashiri nani atameza. Usiiachie p ikuchagulie.

Funga kompyuta, chora kwenye karatasi mishale ya nini kinasababisha nini. Kila safu iulize: wewe unachangia mtu kupata kichocho? Mvuvi anayesukuma mtumbwi saa sita mchana, maji kiunoni, yumo hatarini hasa, maana ndio muda konokono wanaachia vimelea kwa wingi. Saa za majini ziingie. Umri uingie, na mayai aliyokutwa nayo kabla ya dawa, hata kama makundi yanakaribiana kwa hayo. Kinachobashiri ugonjwa kinapunguza kuyumba kwa jibu.

Zamu ya mgawa dawa, iache. Inaamua nani alipata dawa, lakini haimuambukizi mtu. Brookhart na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba kigezo cha namna hiyo kinayumbisha makadirio bila kupunguza upendeleo, yaani jibu kuegemea upande usio wa kweli. Nami yalinikuta: niliingiza zamu, modeli ikabashiri vizuri mno, nikafurahi. Nilipoanza kuoanisha, yaani kumtafutia kila aliyemeza mwenzake asiyemeza mwenye alama kama yake, wengi waliomeza hawakuwa na wa kufanana nao. Wiki tatu za kazi nikazirudia upya.

Mayai yaliyopimwa wiki 6 baada ya dozi, yatoe kabisa. Hayo tayari ni kazi ya dawa.

Ukishaoanisha, tazama tofauti sanifu ya wastani (tofauti ya wastani wa makundi mawili, ikigawanywa kwa mchepuko sanifu) kwa kila kigezo, iwe chini ya 0.1.

Kinachonitatiza ni umbali hadi zahanati. Kama zahanati yenu iko karibu na mwalo, aliye karibu nayo yuko karibu na maji pia, basi uingize. Kama iko juu barabarani, niandikie kwanza tuutazame pamoja.